Kibarua wa miaka mitatu aliyeambiwa "usirudi": sheria ya Kenya inasemaje?

Swali: "Nimefanya kazi ya kupakia na kupakua mizigo katika godauni moja Shimanzi, Mombasa, kwa miaka mitatu na miezi miwili. Nalipwa Sh700 kwa siku, siku sita kwa wiki, na pesa hutumwa kwa M-Pesa kila Jumamosi. Sikuwahi kupewa mkataba wala barua yoyote. Majuzi magunia mawili ya sukari yalikosekana. Supavaiza alinipigia simu Alhamisi usiku akaniambia nisirudi, na malipo ya siku nne za wiki hiyo yamezuiwa. Nilipokwenda ofisini niliambiwa mimi ni kibarua, na kibarua hafutwi kazi, huacha tu kuitwa. Je, nina haki yoyote? Nianzie wapi?"

Jibu

Ndugu yangu, haki unazo, tena si chache. Mwajiri kukuita kibarua hakubadilishi sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaeleza kibarua ni nani katika kifungu cha 2, na maelezo yake ni finyu: ni mtu ambaye masharti ya kazi yake ni kulipwa mwisho wa kila siku, na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Aliyekuja leo kupakua kontena, akalipwa jioni na kwenda zake bila ahadi ya kesho, huyo ndiye kibarua. Wewe umelipwa kila Jumamosi kwa miaka mitatu.

Kifungu kitakachokubeba ni cha 37. Kinasema kwamba kibarua akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake inafikia mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo kwa hali ya kawaida haiwezi kumalizika ndani ya miezi mitatu, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa mshahara wa mwezi. Kibarua kama huyo akifikisha miezi miwili mfululizo tangu siku ya kwanza, anapata masharti yote ambayo angeyapata kama asingeanza kama kibarua: likizo, notisi, siku ya mapumziko, na kusikizwa kabla ya kufutwa. Tena kifungu hichohicho kinasema siku ya mapumziko baada ya siku sita za kazi, pamoja na sikukuu za umma, zinahesabiwa ndani ya mfululizo huo. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba Jumapili zilikuwa zikikatiza kazi yako.

Hapa pana mitego miwili ambayo lazima uijue kabla hujaandika neno lolote.

Wa kwanza ni namna ulivyolipwa. Umesema Sh700 kwa siku. Kama kweli ilikuwa kwa siku, uko salama. Lakini kama ulikuwa ukilipwa kwa gunia au kwa tani, yaani kadiri unavyobeba ndivyo unavyopata, hiyo ni kazi ya kipande, na sheria inaitenga na kibarua. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya kampuni ya chumvi ya Krystalline Salt, ilisema kwamba kifungu cha 37 kiliwekwa kwa ajili ya vibarua, na mfanyakazi wa kipande hawezi kukitumia kubadilisha mkataba wake. Mawakili wa waajiri huikimbilia hoja hii haraka sana katika kesi za magodauni na bandari. Hivyo tazama M-Pesa zako. Zikionyesha Sh4,200 kila Jumamosi, au mara chache Sh3,500 kwa sababu ulikosa siku moja, zinathibitisha malipo ya siku. Zikionyesha Sh3,870 wiki hii na Sh5,140 wiki ijayo, jiandae kueleza tofauti hiyo imetoka wapi. Inaweza kuwa ni saa za ziada, na hilo lisemwe mapema na lionyeshwe.

Mtego wa pili ni mapengo. Waajiri wengine humpumzisha mtu wiki moja kila baada ya miezi mitatu ili waseme kazi haikuwa mfululizo. Wengine wanawahamisha watu kwenye orodha ya wakala anayeajiri kwa niaba, kazi ikiwa ileile, supavaiza yuleyule na lango lilelile. Mahakama hutazama sura nzima ya kazi, lakini ni wewe unayepaswa kuleta ushahidi wa mfululizo huo. Na ikiwa jina linalotokea kwenye M-Pesa si la kampuni yenye godauni, usichague mmoja kwa kubahatisha: washtaki wote wawili, mwenye godauni na wakala, kila mmoja aeleze yeye alikuwa nani kwako. Watu wengi wamepoteza kesi nzuri kwa kumshtaki mtu asiye mwajiri.

Kuna hoja moja zaidi ambayo mwajiri aliyeshauriwa vizuri anaweza kuitoa: kwamba ulikuwa mfanyakazi wa malipo ya wiki, hivyo notisi yako ni wiki moja tu. Kifungu cha 35 kinasema mkataba wa malipo ya vipindi vilivyo chini ya mwezi unavunjwa kwa notisi ya kipindi kimoja, na ule wa mwezi kwa notisi ya maandishi ya siku 28. Jibu lake ni kifungu cha 37, kinachokupeleka moja kwa moja kwenye siku 28. Kwenye madai yako taja vyote viwili, siku 28 kwanza, wiki moja kama mbadala. Na hata hakimu akikubali hiyo wiki moja, haki yako ya kusikizwa haipungui hata kidogo.

Sasa tuje kwenye yale magunia mawili.

Mwajiri ana haki ya kumfuta mtu papo hapo akiwa na sababu za kutosha kumshuku kwa kosa la jinai dhidi yake au mali yake. Kifungu cha 44 kinaruhusu. Kinachosahaulika ni kifungu cha 41: kabla ya kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu, hata huko kufuta kwa papo hapo, mwajiri lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi ambaye yeye mwenyewe amemchagua, kisha asikilize utetezi wake na wa huyo mwenzake. Simu ya usiku inayosema "usirudi" haifikii lolote kati ya hayo. Baada ya hapo kifungu cha 43 kinamtaka mwajiri athibitishe sababu mbele ya mahakama. Akishindwa, kufutwa huko kunahesabiwa kuwa si kwa haki.

Lakini elewa uzito wa kila upande. Mwajiri akileta rejista inayoonyesha wewe ndiye uliyepakia lori lililotoka na magunia hayo, hakimu anaweza kusema sababu ilikuwepo ila utaratibu haukufuatwa. Fidia ya hali hiyo huwa ndogo kuliko ya mtu aliyefutwa bila sababu wala utaratibu. Kwa hiyo usitegemee tu kwamba hukuitwa kujieleza. Andika sasa hivi, wakati kumbukumbu bado iko wazi: siku hiyo ulikuwa zamu gani, nani alihesabu magunia, nani alitia saini hati ya kutoa mzigo, ufunguo ulikuwa kwa nani, kamera ziko wapi. Baada ya mwaka mmoja hutakumbuka, na mashahidi wako watakuwa wamehamia kazi nyingine.

Polisi wakikuita, nenda, lakini usiandike taarifa ya kukiri ili "mambo yaishe", na usikubali kulipa magunia hayo kwa maneno matupu. Kesi ya jinai na mgogoro wa kazi ni mambo mawili tofauti. Kutoshtakiwa hakumfanyi mwajiri awe amekosea moja kwa moja, na kushtakiwa hakufuti haki yako ya kusikizwa kazini.

Malipo ya siku zako nne ni suala jepesi kuliko yote, na nashangaa kwamba waajiri bado wanalijaribu. Kifungu cha 18 kinasema hata aliyefutwa papo hapo kwa sababu halali lazima alipwe kila anachodai hadi siku ya kufutwa. Kifungu cha 19 kinaruhusu makato ya kiasi cha wastani kwa mali iliyopotea, lakini pale tu ambapo upotevu umetokana na mfanyakazi kwa kukusudia. Nani ameamua kwamba ulikusudia? Hakuna aliyekusikiliza. Sh2,800 hizo ni zako.

Utetezi utakaousikia: "alitoroka kazi"

Naliwekea jambo hili nafasi yake kwa sababu ndilo linaloangusha madai mengi ya vibarua, na linazuilika wiki hii hii. Mwajiri asiye na barua ya kukufuta hatasema mahakamani kwamba alikufuta. Atasema uliacha kuja. Na kifungu cha 47 kinakutaka wewe uthibitishe kwanza kwamba kufutwa kulitokea. Hapo tu ndipo mzigo unapohamia kwa mwajiri kueleza sababu. Simu ya supavaiza haikurekodiwa, naye atakana.

Fanya hivi. Tuma ujumbe wa maandishi kwa supavaiza, na nakala kwa meneja au ofisi kama una namba yao. Uwe mfupi na wenye tarehe: "Alhamisi tarehe fulani saa tatu usiku ulinipigia ukaniambia nisirudi kazini kwa sababu ya magunia mawili ya sukari. Mimi sikuchukua magunia hayo. Niko tayari kuendelea na kazi. Naomba unijulishe kwa maandishi kama nirudi, na malipo yangu ya siku nne, Sh2,800, yatumwe." Usitukane, usitishe, usiongeze mambo ya jamaa zake. Akijibu "wewe tulishakuambia usije", umepata ushahidi. Akinyamaza, umeonyesha kwamba hukutoroka. Kisha nenda langoni asubuhi ya siku ya kazi pamoja na mtu mmoja anayeweza kuja kuwa shahidi, ukaripoti kama kawaida. Ukizuiwa, andika jina la askari wa zamu na saa, na umtumie supavaiza ujumbe mwingine unaosema umefika na umezuiwa.

Mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba mwajiri anayedai mtu ametoroka lazima aonyeshe juhudi alizofanya kumtafuta: barua, ujumbe, simu, notisi ya kumtaka ajieleze. Mwajiri wako atakapoulizwa juhudi hizo na wewe una ujumbe wako mkononi, hoja yake itakosa miguu.

Ushahidi ulio nao bila kujua

Kwa mtu asiye na mkataba, simu ndiyo faili la ajira. Pata taarifa kamili ya M-Pesa ya miaka yote mitatu, kupitia programu ya M-Pesa au katika duka la Safaricom, na weka alama kwenye kila malipo ya Jumamosi. Malipo hayo kila wiki kwa miaka mitatu ni ushahidi wa mfululizo ambao ni vigumu sana kuuvunja. Ikiwa pesa zilitoka kwenye namba binafsi ya supavaiza, si mwisho wa dunia, lakini utahitaji kiungo kinachomfunga yeye na kampuni: kikundi cha WhatsApp cha zamu, picha ya rejista ya mahudhurio, kitambulisho cha langoni, hati ya mzigo uliyotia saini, au fulana yenye jina la kampuni. Hifadhi vyote, na usibadilishe simu kabla ya kuhamisha mazungumzo yako.

Ukichapisha jumbe na picha hizo kwa ajili ya mahakama, ambatisha cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Ni ukurasa mmoja wa kueleza data imetoka kwenye kifaa gani, imechapishwa vipi na nani, na kwamba kifaa kilikuwa kikifanya kazi sawasawa. Bila cheti hicho wakili wa upande wa pili atasimama kupinga, na mara nyingine anakubaliwa.

Pita pia katika ofisi ya NSSF uombe taarifa ya michango yako. Inaweza kuwa na jina la mwajiri ambaye hujawahi kumsikia, na huyo ndiye aliyekuandikisha. Inaweza pia kuwa tupu, na huo utupu una thamani yake kwenye hesabu, kama utakavyoona hapa chini.

Kwa upande wa mkataba usiokuwepo, usione aibu kana kwamba kosa ni lako. Kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na kifungu cha 9 kinampa mwajiri jukumu la kuuandaa. Kifungu cha 10 kinaongeza kwamba akishindwa kuutoa mahakamani, yeye ndiye anayebeba mzigo wa kupinga masharti unayoyadai. Sheria inamtaka pia aweke kumbukumbu za kazi, na kumbukumbu za masharti ya ajira zihifadhiwe miaka mitano baada ya kazi kwisha. Basi mtumie notisi ya kutoa nyaraka: rejista za mahudhurio, orodha za malipo, rekodi za likizo. Asipozileta, hakimu ana haki ya kujiuliza kwa nini.

Hesabu yako

Tumia siku 26 za kazi kwa mwezi, njia iliyozoeleka kwa mtu wa siku sita kwa wiki: 700 × 26 = Sh18,200. Hicho ndicho kitakuwa mshahara wako wa mwezi katika madai.

Notisi ya siku 28, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kama mwezi mmoja, ni Sh18,200. Siku nne ulizofanya ni Sh2,800. Likizo ni siku 21 za kazi kwa kila miezi 12, yaani 21 × 700 = Sh14,700 kwa mwaka; kwa miezi miwili ya mwisho ni siku 1.75 kwa mwezi, siku 3.5 kwa jumla, Sh2,450. Unaweza kudai likizo ya miaka ya nyuma pia, lakini usiitegemee sana, kwa kuwa kifungu cha 28 kinataka masalio ya likizo yatumiwe kabla ya kupita miezi 18 tangu mwisho wa mwaka ilipochumwa, na mahakimu huwa wakali kwa madai ya likizo za zamani. Weka mwaka wa mwisho mbele, mingine iifuate.

Halafu malipo ya utumishi. Kifungu cha 35 kinampa aliyevunjiwa mkataba malipo kwa kila mwaka aliofanya kazi, isipokuwa kama alikuwa mwanachama wa NSSF au mpango mwingine wa pensheni au kiinua mgongo. Kiwango ambacho mahakama zimezoea ni siku 15 kwa mwaka: 15 × 700 × 3 = Sh31,500. Hapa ndipo ile taarifa tupu ya NSSF inapofaa. Ukiwa umeandikishwa NSSF, dai hili liondoe kabisa, kwa sababu kulibakiza kunampa mpinzani nafasi ya kukuonyesha kama mtu anayetia chumvi.

Mpaka hapo, pamoja na likizo ya mwaka mmoja na miezi miwili, ni Sh69,650.

Kuna pia suala la kima cha chini. Kwa agizo la mishahara lililoanza kutumika 1 Novemba 2024, mfanyakazi wa kawaida Nairobi na Mombasa hapaswi kupata chini ya Sh16,113.75 kwa mwezi, mbali na marupurupu ya nyumba ya asilimia 15. Jumla yake ni Sh18,530.81. Wewe ulikuwa kwenye Sh18,200. Pengo ni la Sh330.81 kwa mwezi. Ni dogo, lakini ni lako. Linganisha kila kipindi na agizo lililokuwa likitumika wakati huo, usichukue kiwango cha leo ukakitandaza miaka yote mitatu.

Mwisho ni fidia ya kufutwa isivyo haki. Kifungu cha 49 kinaruhusu hadi mishahara ya miezi 12, kwako Sh218,400 kabla ya makato ya kisheria. Neno kubwa hapo ni "hadi". Hakimu huangalia umefanya kazi muda gani, ulichangia vipi kufutwa kwako, una nafasi gani ya kupata kazi nyingine, mwajiri amekulipa nini tayari. Anayekuahidi miezi 12 kama kitu cha hakika anakuuzia ndoto. Pia mahakama inaweza kuamuru urudishwe kazini, ila amri hiyo ni nadra, na baada ya miaka mitatu tangu kufutwa haiwezi kutolewa tena.

Karatasi utakayoletewa utie saini

Ukishaanza kudai, huenda ukaitwa ofisini na kupewa bahasha, tuseme ya Sh10,000, pamoja na karatasi inayosema umelipwa kila kitu na huna dai lolote dhidi ya kampuni. Usiipuuze karatasi hiyo ukidhani ni risiti tu. Mwaka 2018, katika kesi ya Coastal Bottlers, Mahakama ya Rufaa ilisema makubaliano ya namna hiyo yakifanywa kwa hiari yanafunga, na kwamba kila kesi itazamwe kwa mazingira yake. Ukitaka kuyavunja itabidi uthibitishe ulidanganywa, ulilazimishwa au hukuelewa, na hilo ni gumu kwa mtu aliyetia saini na kuondoka na pesa.

Kama unahitaji Sh2,800 zako za siku nne, zipokee, na andika kwa mkono juu ya saini yako: "Nimepokea malipo ya siku nne tu." Piga picha. Wakikataa maneno hayo, ondoka bila kutia saini. Na kama kiasi wanachotoa kinakaribia ile Sh69,650 pamoja na kitu cha kuridhisha juu yake, lifikirie kwa dhati. Mapatano ya leo mara nyingi ni bora kuliko kusubiri hukumu.

Njia ya kufuata

Anza na afisa wa leba wa kaunti. Malalamiko ya kufutwa yapelekwe ndani ya miezi mitatu tangu siku ya kufutwa. Huduma hiyo ni ya bure, haihitaji wakili, na barua ya afisa wa serikali huwafanya waajiri wengi wafungue milango iliyokuwa imefungwa. Atamwita mwajiri, atasikiliza, atapendekeza malipo. Pendekezo lake si hukumu. Mwajiri akikaidi, njia inayobaki ni mahakama.

Wakati huohuo tuma barua ya madai. Iwe na jina kamili la kisheria la mwajiri, tarehe za kuanza na kuisha kazi, malipo ya siku, tukio la simu, kila dai na hesabu yake, na muda wa kujibu. Siku 14 ni kawaida. Jina la kisheria si lile la kwenye kibao cha lango. Mtu wa saiba anayejua eCitizen anaweza kukuombea fomu ya CR12 kutoka kwa Idara ya Usajili wa Biashara, inayoonyesha kampuni imesajiliwaje na wakurugenzi ni nani. Kama si kampuni bali ni biashara ya mtu mmoja, unamshtaki mtu huyo akifanya biashara kwa jina hilo.

Kesi yenyewe usiipeleke Mahakama ya Madai Madogo, ingawa kiasi chako kingetosha kwenye kiwango chake cha Sh1,000,000. Sheria yake ya 2016 imekataza migogoro ya ajira waziwazi, na kesi itatupwa baada ya wewe kupoteza miezi. Kwa mshahara usiozidi Sh80,000 kwa mwezi, mahakama yako ni ya hakimu, kuanzia cheo cha Hakimu Mkazi Mwandamizi kwenda juu, kwa mujibu wa notisi ya gazeti rasmi ya mwaka 2018. Rufaa ndiyo huenda Mahakama ya Ajira na Leba. Utahitaji hati ya madai, hati ya kiapo inayoithibitisha, taarifa yako na za mashahidi wako, na nyaraka zikiwa zimepangwa na kuwekewa namba za kurasa.

Unaweza kusimama mwenyewe. Ukihitaji msaada na huna pesa, Kituo cha Sheria kina ofisi Mombasa, na kuna pia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Ukimpata wakili wa kulipwa, mwandikiane ada. Ahadi ya "nitalipwa tukishinda tu" haitambuliwi na Sheria ya Mawakili, na mara nyingi huishia kwa ugomvi juu ya nusu ya pesa zako.

Kuhusu muda: kesi ya mkataba wa kazi lazima ifunguliwe ndani ya miaka mitatu, na hesabu inaanza ile Alhamisi usiku, siyo siku ambayo mazungumzo na ofisi yalikwama. Mazungumzo hayasimamishi saa, wala malalamiko kwa afisa wa leba hayaisimamishi. Kwa madai yanayojirudia kila mwezi, kama pengo la mshahara, mara nyingi hoja huletwa kwamba muda ni miezi 12 tangu yalipokoma, kwa hiyo usivute hadi mwaka uishe.

Jambo moja linaloweza kufanyika kesho bila kusubiri lolote kati ya haya: omba cheti cha utumishi. Kifungu cha 51 kinampa kila aliyefanya kazi kwa majuma manne mfululizo au zaidi haki ya cheti kinachotaja jina na anwani ya mwajiri, jina lake, tarehe ya kuanza, aina na mahali pa kazi, na tarehe ya kuacha. Mwajiri halazimiki kukusifu, lakini kukunyima cheti ni kosa la jinai lenye faini ya hadi Sh100,000, kifungo cha hadi miezi sita, au vyote viwili. Kiombe kwa maandishi, hata kama mnagombana juu ya kila kitu kingine. Akikuandikia, basi kwa mkono wake mwenyewe amekiri tarehe ulizoanza na kumaliza kazi. Akikataa, ongeza dai hilo kwenye orodha.